Nilipunguza koki za rejeta ili joto lifike juu siku ya posa, aibu ikamwangukia dada yangu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, wa kwenye baridi na wa kwenye jua.

Hili jambo nimelibeba tangu majira ya baridi. Nitalisimulia lilivyo, bila kujipendelea, maana nikijipendelea hata hapa basi sina dawa.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma. Sasa niko Marekani, Buffalo, East Side, napiga shift warehouse. Wazazi wetu walifariki tukiwa kambini, wakaniacha na mdogo wangu wa kike, Devota. Kwa hiyo kwake mimi ni kaka, na siku ya posa yake mimi ndiye baba.

Sasa nyumba.

Nilinunua nyumba ya zamani, ya mbao, ghorofa moja, na heat yake ni ya mvuke. Walio kwenye apartment mpya hamuijui hii kitu, ngoja nieleze.

Basement kuna boila inachemsha maji. Mvuke unapanda kwenye bomba mpaka kwenye rejeta. Siyo rejeta ya gari, ni machuma mazito yanayosimama chini ya madirisha. Mvuke ukipoa unageuka maji, na maji yanarudi chini kwa bomba lile lile ulilopandia mvuke.

Shikeni hapo. Bomba ni moja, mvuke unapanda, maji yanashuka.

Kila rejeta ina koki karibu na sakafu, na upande wa pili ina kidude kidogo cha kutolea hewa, kinalia ssss kama mtu anayekunyamazisha.

Mimi mambo ya bomba moja sikuyajua. Nilidhani ni maji ya moto yanazunguka tu. Na sikuuliza, kwa sababu kambini nilikuwa kamati ya maji, wakuu. Nilikuwa na funguo za koki shingoni. Maji yakitoka kidogo, tulikuwa tunapunguza koki za karibu na tangi ili wa mbali nao wapate. Nilikuwa naifanya kwa haki na watu waliniheshimu. Nilipoona koki nyingine tena Marekani nikajua hapa nimefika nyumbani.

Basi ikaja posa.

Kijana anaitwa Elisha, Mkongo, anaishi Columbus, kapanga karibu na chuo kikuu. Baba yake hayupo, kwa hiyo msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa kutoka Louisville, mzee mtaratibu, mtu wa kanisa. Walitoka miji miwili, wakaungana njiani, wakaja kwa theluji mpaka kwangu.

Kwa desturi yetu binti haonekani. Anakaa ndani na akina mama, wanaume wanazungumza sebuleni, na msipoelewana wageni wanaondoka bila kumwona. Akijitokeza kabla ya kuitwa, watasema ana haraka ya mume, na maneno hayo yanamfuata mpaka uzeeni.

Devota na akina mama walikuwa wakae juu, na juu ndiko kulikuwa na baridi kila siku. Nikafanya kama kambini. Siku kadhaa kabla nikapita rejeta zote za chini, ya sebuleni ikiwemo, nikazirudisha koki nusu ili joto la ziada liende juu.

Devota aliniona. Yeye anahudumia wazee, na kuna bibi mmoja wa kule Amherst nyumba yake ina heat ya aina hii. Akaniambia, "Kaka, za bibi huwa zimefunguliwa zote au zimefungwa kabisa. Nusu hairuhusiwi."

Nikamjibu, "Devota, koki niachie mimi. Wewe fikiria nguo."

Siku iliyofuata nyumba ikaanza kugonga. Nikasema ni uzee wa nyumba.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikumwita fundi. Mkuu, mtu aliyekuwa na funguo za koki shingoni anaita fundi wa nini?

Siku yenyewe nikamkalisha mzee kwenye kiti cha heshima, pembeni kabisa ya rejeta ya sebuleni, ili apate joto. Tukaomba, tukawagawia fanta, nikasimama na suti yangu nikaanza kuwakaribisha.

NGO. NGO. NGO.

Kwenye ukuta, kwenye sakafu, kama kuna mtu basement ana nyundo. Nikatabasamu, nikaendelea. Ikapiga tena.

Mzee akatania kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Donc papa, kuko batu bengine banapiga hodi? Sisi njo tulifika ya kwanza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa meno. Simu ikawa inatetemeka mfukoni. Nikaiacha, maana msemaji hasomi simu mbele ya wakwe.

Rejeta ile ilikuwa ya baridi. Nusu yake ilikuwa imejaa maji, ndiyo nakuja kujua sasa. Koki ya nusu inauacha mvuke uingie lakini maji yanakosa nafasi ya kurudi. Mvuke ukikutana na maji yaliyokwama ndiyo hizo nyundo.

Nikaona mgeni mmoja anavaa koti. Halafu mwingine. Halafu Elisha na mzee mwenyewe.

Wakuu, kwenye posa mgeni akivaa koti kabla ya majibu, mwenye nyumba anahesabu posa imekufa. Ndiyo namna ya watu wastaarabu kuaga. Upande wangu wote wakaniangalia.

Mke wangu akashuka akijifanya kuongeza fanta. Akaninong'oneza, "Baba Amani, Devota anasema soma simu." Nikamkata jicho akarudi juu.

Kile kidude cha hewa kikaacha kulia ssss, kikaanza kutema maji ya kahawia, yenye kutu. Yakamtua mzee kwenye mkono wa koti na kwenye shati jeupe lililochungulia. Mzee alitoa leso akaanza kujifuta, na ile adabu yake ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mimi nimesimama na hotuba yangu, sijui nishike nini.

Ndipo nikasikia ngazi.

Devota akashuka peku, amevaa mavazi yake ya siku ile, na kitenge cha jikoni mkononi. Hakuangalia mtu. Akazima heat kwenye swichi ya ukutani, akapiga magoti pale miguuni kwa mzee, akaishika koki kwa kile kitenge akaizungusha mpaka mwisho. Akabaki amepiga magoti akisubiri. Tulisikia maji yanakoroma kushuka basement. Yalipoisha akainuka, akawasha heat tena, akarudi kumsalimia mzee kwa mikono miwili.

Hapo ndipo aibu yangu yenyewe ilipo. Mengine yote mnaweza kuyaita ushamba wa koki.

Kila mtu alikuwa ananiangalia. Ningeweza kusema ukweli kwa sentensi moja: wazee, koki nilizigusa mimi, binti aliniambia nikakataa. Mdomo ukafunguka ukasema, "Mtusamehe wazee, binti yetu huyu ana haraka ya kuolewa."

Wakacheka, upande wao na upande wangu.

Elisha hakucheka. Devota aliangalia sakafu, akakikunja kile kitenge kilicholowa, akapanda ngazi.

Mzee alisubiri kicheko kiishe. Nyumba ilikuwa imetulia kabisa, rejeta inalia ssss taratibu. Akasema, "Bon. Papa, ulisema utatuonyesha mutoto. Tumemuona." Akavua koti. Na wengine wakavua.

Posa ikapita, wakuu. Mahari ikapangwa siku yake, harusi ikafungwa Columbus, na wanaishi vizuri. Kwa hiyo hakuna aliyepoteza kitu, si ndivyo mtakavyosema? Hata mimi nilijiambia hivyo.

Lakini siku ile wageni walipokuwa wanakula niliingia chooni nikafungua simu.

"Kaka, fungua koki ya sebuleni yote."

"Zima heat kwanza, halafu fungua mpaka mwisho."

"Kaka soma."

"Mama Amani anasema wamevaa makoti."

Na ya mwisho, "Nakuja. Najua itakuwa aibu. Nisamehe mapema, kaka."

Alijua atakachosemwa. Alijua akiwa bado juu, akashuka. Na mimi niliyeombwa msamaha ndiye niliyekuwa wa kwanza kumsema.

Hapa kanisani Buffalo mpaka leo kuna akina mama wanamwita "bibi harusi aliyejileta". Jumapili moja walikuwa wanacheka mbele yangu. Nilikunywa chai yangu.

Sasa nyumba naitunza. Koki zote ziko wazi mpaka mwisho, au zimefungwa kabisa kwenye chumba kisicho na mtu. Rejeta nimeziinamisha kidogo upande wa koki ili maji yapate njia ya kurudi. Kile kidude cha hewa msikipake rangi hata kama mnarembesha nyumba kwa wageni, kikiziba rejeta haipati joto. Na boila ina kioo cha kuonyesha maji, yakishuka sana usiwashe. Kila wiki kuna koki ya pembeni unafungulia kwenye ndoo, yanatoka maji meusi, unaacha mpaka yawe safi.

Haya yote nimefundishwa na Devota kwenye simu. Kila wiki anapiga kutoka Columbus, na baada ya salamu swali ni moja, "Kaka, umetoa yale maji machafu?"

Namjibu nimetoa. Ananiambia asante, anamsalimia Mama Amani, anakata.

Sijawahi kumwambia kwamba zile message nilizisoma. Anadhani mpaka leo sikujua alikuwa anaomba nini.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nagawa maji kwa haki kwa watu wa kambi nzima, na mtu mmoja wa damu yangu nikashindwa kumgawia sentensi moja.

Jumapili hii nataka nisimame kanisani niseme koki zilikuwa zangu, halafu ndiyo nimpigie. Mke wangu anasema nianze na simu. Nyie mlio na wadogo wa kike, mngeanzia wapi? Nichaneni tu, nasoma zote safari hii.