Mama Joto na Jua la Vifaranga Elfu Tatu

Saa sita na robo mchana, mtaa mzima unanyamaza kwa mkupuo. Mashine ya kusaga nafaka kwenye kona inakata mlio kabla debe la mtu halijaisha. Redio ya saluni inameza neno. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anatoka nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na wote wawili wanaikodolea macho nguzo ya umeme kana kwamba nguzo ndiyo yenye makosa.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya tatu kutoka kona, feni ndogo inaendelea kuvuma.

Mwenye chumba, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu mwenye kanga kiunoni na penseli iliyochomekwa kwenye nywele, ametega sikio kwenye mlango wa mashine ya kutotolesha yenye mayai mia tano. Kipimajoto kinasoma nyuzi thelathini na saba na nusu. Leo ni siku ya ishirini. Vifaranga wa kwanza wameanza kulia wakiwa bado ndani ya maganda.

“Sikiliza,” anasema kwa sauti ya chini. “Umeme umekwenda, na wenyewe hawana habari.”

Kisha anacheka, kicheko cha mtu aliyecheza karata yake vizuri.

Mtaani wanamwita Mama Joto, kwa kuwa chumba chake hakipoi mwaka mzima. Jina alilopewa na wazazi wake hulisikia hospitalini tu. Anatotolesha vifaranga kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Alianza na sanduku la mbao lenye balbu mbili na mayai arobaini, alilotengenezewa na mumewe ambaye ni seremala. Leo wafugaji wanamletea mayai kutoka mitaa minne, na yake mwenyewe anayaongeza humo humo.

Ana tabia moja inayowachosha wauza duka: kila kitu anakihesabu kwa vifaranga. Viatu vya shule ni vifaranga wanane. Gunia la chakula cha kuku ni vifaranga thelathini.

“Pesa unalala nayo ikiwa hivi, unaamka iko vingine,” anaeleza. “Kifaranga ni kifaranga.”

Basi fundi wa sola alipokuja mwaka jana na karatasi yake ya bei, Mama Joto alimrudishia. Alimwambia amwandikie upya kwa lugha ya nyumba hii. Fundi akauliza kifaranga mmoja anauzwaje, akatoa simu, akabonyeza, akakuna kichwa. Paneli sita, betri, inveta, nyaya na ufundi: vifaranga elfu tatu.

“Nimefunga sola miaka sita,” anakumbuka fundi huyo. “Sijawahi kukadiria kazi kwa manyoya.”

Elfu tatu hao walikuwepo. Ila walikuwa na kazi nyingine. Vyumba viwili vya mbele vya nyumba hiyo vimesimama kuta tupu kwa miaka mitatu, bila paa, na majani yanaota sakafuni. Mume na mke walikuwa wamedunduliza pamoja ili waezeke. Watoto wao watatu wanalala chumba kimoja na bibi yao, na mkubwa ana miaka kumi na sita.

Mumewe, ambaye majirani wamempa jina la Baridi kwa sababu hakuna habari njema asiyoweza kuipoza, alikataa kabla chai haijaisha kikombeni. Hakukataa kwa ugomvi. Alichukua kipande cha ubao na kupiga hesabu, kama anavyofanya akikadiria kabati. Bili ya umeme wa mashine na nyumba ilikuwa vifaranga hamsini kwa mwezi. Fundi aliahidi itashuka hadi kumi na watano. Hiyo ni nafuu ya thelathini na watano kwa mwezi, mia nne na ishirini kwa mwaka.

“Miaka saba, mama watoto,” akasema. “Miaka saba ndiyo turudishe kilicho chetu. Mimi nitakuwa nimeota mvi hadi kwenye nyusi, na hao watoto watakuwa wameoa wakilala kwa bibi.”

Mama Joto aliinuka. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye shimo.

Kila anayetotolesha ana shimo. Humo huzikwa mayai viza na vifaranga waliofia ndani ya ganda. Mwaka huo umeme ulikuwa umemkatikia vibaya mara tatu, mara moja kwa saa tisa mfululizo katika siku ya kumi na tisa, jenereta yao ikakohoa na kuzimika. Alifunika mashine kwa mablanketi, akaweka ndani chupa za maji ya moto, akakaa chini akilia. Hesabu ya mara hizo tatu ilikuwa vifaranga mia nane na sitini.

“Nilimwambia, baba watoto, wewe unahesabu ninacholipa,” anasema. “Mimi nahesabu ninachozika.”

Baridi aliinama akalitazama shimo. Kisha akaugeuza ubao wake upande wa pili na kuanza upya. Mia nne na ishirini za bili. Petroli ya jenereta, vifaranga ishirini kwa mwezi, ambayo hakuna aliyewahi kuiita gharama ya umeme kwa kuwa ilitoka mfuko mwingine. Mia nane na sitini za shimo. Jumla, elfu moja mia tano na ishirini kwa mwaka. Miaka saba ikawa karibu miwili.

Hata hivyo aliridhia kama mtu anayeridhia kung'olewa jino. Akaweka sharti moja: kila mwezi vifaranga kumi na watano watengwe kwa ajili ya betri, kwa kuwa fundi alikiri kwamba baada ya miaka kama kumi itachoka. “Kitu kisichozeeka sijakiona,” alisema, “labda deni.”

Paneli zilifungwa kwenye paa la chumba cha mashine. Nyumba imejengwa kwenye mteremko, na ua wa nyuma uko juu kiasi kwamba ukisimama uani paa hilo linakufika kifuani. Fundi alipapenda. Jua linapiga hapo tangu asubuhi hadi jioni bila mti wala ukuta wa kulizuia, na mtu anaweza kufuta vumbi bila ngazi.

Wiki mbili mambo yalikwenda kama mafuta. Wiki ya tatu, siku moja ya jua la kupasua kichwa, inveta ikaanza kulia saa tano asubuhi. Betri ilikuwa inashuka badala ya kupanda. Mashine ilikuwa na mayai ya siku ya kumi na nane, na umeme wa mtaani haukuwepo. Jenereta walikuwa wamekwisha kuiuza.

Mama Joto alimpigia fundi simu. Fundi akamwelekeza akague nyaya, akakagua. Swichi, akakagua. Mumewe alitoka karakana na unga wa mbao kwenye ndevu, akasimama mlangoni. Aliitazama inveta, kisha akamtazama mkewe. Upande mmoja vyumba viwili visivyo na paa, upande wa pili mayai mia tano, na mke ndiye aliyechagua.

Fundi alifika kwa pikipiki, akaingia moja kwa moja kwenye inveta, akafungua, akapima, akafunga. Ndipo alipozunguka nyumba kwenda kutazama juu, akakuta paneli mbili kati ya sita zimefunikwa kwa mablanketi mawili mazito, moja la maua na jingine la mistari, yametandazwa kwa ustadi bila kunjo.

Kando yake alikuwa ameketi mama mkwe, bibi wa miaka sabini na mbili, na bakuli la sabuni.

Alipoulizwa hakuona kosa lolote. Miaka yote alikuwa akianika kwenye majani. Sasa ameona meza nyeusi, safi, ya moto, iliyowekwa kimo chake kabisa.

“Nikasema leo mkwe wangu kanikumbuka,” alimwambia fundi. “Kumbe si meza, ni shamba la jua? Na mimi ningejuaje, kuna aliyenitambulisha?”

Kwa kweli hakuna aliyemtambulisha. Watu wazima watatu walipiga hesabu ya bili, ya petroli, ya betri na ya shimo, wakasahau kuuliza nguo za nyumba hiyo zinakaukia wapi. Fundi aliwaeleza kwamba paneli hizo zimeungana kama watu wanaobeba kabati ngazini: wawili wakiachia, wote mnasimama. Mablanketi yakaondolewa. Inveta ikanyamaza. Saa kumi jioni betri ilikuwa imejaa nusu, na siku tatu baadaye vifaranga mia nne na sita walitoka.

Jioni ile Baridi aliingia karakana bila kuaga, akatoka na kichanja kipya cha kuanikia, chenye miguu minne, kimo cha mama yake. Tangu siku hiyo bibi ndiye mlinzi wa jua. Kila asubuhi hufuta paneli kwa kitambaa chenye maji matupu, na jogoo anayethubutu kurukia paani huijua fimbo yake.

Sasa mwaka umetimia. Kwenye mlango wa chumba, Mama Joto ameandika hesabu kwa chaki. Bili imempa nafuu ya mia tatu na tisini, pungufu kidogo ya ahadi, kwa sababu miezi ya mvua alilazimika kununua umeme zaidi. Petroli, mia mbili na arobaini. Jenereta iliuzwa kwa mia moja na hamsini. Shimo halijala hata kifaranga mmoja kwa sababu ya umeme, naye ameziandika mia nane na sitini kwa herufi kubwa kuliko nyingine. Ukitoa za betri, mumewe akiwa amesimama nyuma kuhakikisha zimetolewa, zinabaki elfu moja mia nne na sitini. Karibu nusu ya deni la jua imelipwa. Miezi kumi na minne mingine, na mwanga utakuwa wa bure.

Saa kumi jioni umeme unarudi. Mtaa unashangilia, mashine ya nafaka inaguruma, kinyozi anamrudisha mteja wake ndani. Mama Joto hajui kama umerudi. Ameshika tochi mbele ya kioo cha mashine, ambapo yai la trei ya pili limepasuka mstari mzima, na kitu chenye maji kinajisukuma nje, kinapumzika, kinajisukuma tena.

Anataka mashine ya pili, ya mayai elfu moja, na paneli sita zaidi za kuilisha. Paa la nyuma limejaa. Kwa hiyo, anasema, atalazimika kusubiri mpaka vyumba vya mbele viezekwe, na vyumba vya mbele vitasubiri mpaka jua limalize kujilipa.

Lakini mlangoni amesimama Baridi, futi ya kupimia mkononi. Amekuwa kwenye vyumba vya mbele tangu mchana. Kenchi mbili za kubebea paa amekwisha kuzikata kwa mabaki ya kazi za wateja, na anakiri, akiangalia pembeni, kwamba amezikata na mwinamo ule ule wa paa la nyuma, upande wa jua.

Mkewe anazima tochi.

“Mabati nayo nimeyaulizia,” anasema seremala. Anakohoa. “Hebu nitajie, mama watoto. Bando moja ni vifaranga wangapi?”