Bwana Plasta na Kamera ya Jirani

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, mtaa mzima ulimwita Bwana Plasta, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila kamera iliyoingia nyumbani mwake, iwe ya simu au ya kompyuta, aliibandika kipande cha plasta ya vidonda kabla haijamwona mtu. Ukimwendea na simu mpya ya kuringia, haulizi bei. Anauliza inampelekea nani habari zako. Nilimtania kwamba hata kioo cha bafuni angekibandika, basi tu dada hakumruhusu.

Mchana alisaga lenzi za miwani. Jioni alijifungia stoo, kwenye kompyuta aliyoiunga kwa vipuri vilivyotupwa na maofisi, yenye diski nne na feni ya kukohoa. Picha zote za familia zilikaa humo, si kwenye makampuni ya watu. Cha nyumbani kilale nyumbani, alikuwa akisema. Niliona ni wasiwasi wa bure, lakini simu yangu nilimwachia aipange atakavyo, maana kwa vifaa mimi ni mbumbumbu.

Hapo ndipo alipotuumiza, na sitamung'unya maneno. Simu za familia nzima alizipanga zifute kila ujumbe baada ya siku saba, wa maandishi na wa sauti. Video hakutaka kuzisikia. Dada alipougua ghafla na kufariki, tulizama kwenye pilikapilika za mazishi na wageni, na tulipokuja kutulia siku saba zilikuwa zimepita. Picha zipo, maelfu. Sauti yake hakuna hata neno moja, si kwake, si kwangu. Nilimnunia wiki mbili. Kisha nikamkuta stoo anafungua diski moja baada ya nyingine, anatafuta kitu anachojua hakimo, na hasira ikaniisha. Nami nilikuwa naitamani sauti ile ile, hasa alivyokuwa akiniita "we mtoto" ilhali nina wajukuu.

Palibaki mahali pamoja pa kuuliza, naye alipajua kabla sijafungua mdomo. Jirani wa mkabala, fundi cherehani, ana kamera getini inayorekodi kila anayebonyeza kengele, sura na sauti. Shemeji alipambana na kamera ile kwa barua na kwa rula, akipima inaangalia wapi, mpaka fundi akaigeuza isione geti letu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Dada yeye aliendelea kwenda kushona kule kama kawaida; ugomvi wa nyaya, alisema, haumhusu.

Miezi mitano baada ya msiba, shemeji alivaa viatu vyake vya kazini akaniomba nimsindikize. Getini alisimama sawasawa mbele ya kamera, akabonyeza kengele mwenyewe. Nilijua amemeza mengi.

Fundi hakutusimanga. Alieleza kwamba rekodi hujifuta baada ya mwezi, isipokuwa anazoziwekea alama, na anazowekea alama ni za oda. Wateja ni wepesi wa kusahau: leo wanataka mikono mirefu, kesho wanaapa walisema mifupi. Kamera ndiyo daftari lake. Alipekua simu kwa muda mrefu, kisha akaiweka juu ya meza ya kukatia.

Dada alikuwa getini, kitambaa kimekunjwa kwapani.

"Ni shati la mzee wangu," alisema. "Bega lake la kushoto limeshuka kidogo, ni ule ukaaji wake wa kwenye kompyuta. Likate lifuate bega, lakini usimwambie. Yeye anajiona amenyooka kama mlingoti."

Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani, akaondoka.

Mimi nililia palepale. Shemeji alijishika bega la kushoto. Shati hilo amelivaa zaidi ya mwaka, akidhani limenunuliwa dukani.

Aliomba kusikia tena, na tena. Fundi akamtumia nakala kwenye simu yake, na shemeji akahakikisha mara mbili kwamba imefika na haitajifuta. Ndipo fundi, mtu wa adabu, akauliza jambo ambalo shemeji mwenyewe angelidai miaka yote ile: kwa kuwa sasa ana ya kwake, ile iliyoko kwenye kompyuta za kampuni ya kamera aifute?

Nilijiandaa kwa hotuba. Haikuja.

"Usiifute," alisema. "Diski zangu nazo hufa. Iache huko, jirani."

"Lakini watu wa kampuni wanaweza kuisikiliza. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniandikia hivyo."

Shemeji alikuwa bado ameshika bega.

"Waache wasikilize," akasema. "Wamsikie."