Doa Jekundu Nyuma ya Gemu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilifanya kazi kwa fundi redio mmoja wa Tunduma, na kazi yangu ilikuwa kucheza. Gemu ndogo za mkononi zilivuka kutoka Zambia zikiwa zimekwisha betri. Betri zake, ndogo kama kifungo cha shati, kwetu hazikupatikana. Fundi alichomea nyaya mbili nyuma ya gemu, akaziunganisha na betri mbili za tochi alizozifunga kwa mpira wa baiskeli.

Mimi nilicheza kila gemu mpaka pointi mia mbili, nikaandika kasoro daftarini. Iliyofaulu niliitia nyuma tone la rangi yangu nyekundu ya kucha. Wanunuzi walilijua doa hilo, na kwamba ni langu, mpaka Mlowo.

Siku moja nilichukua gemu nikaenda nayo dirishani, kwenye mwanga. Ikazima, pointi zikarudi sifuri. Waya ulikuwa unacheza. Nikazijaribu zote sita zilizokuwa mezani, nikiwa nimesimama. Zote zikazima.

"Mezani hazizimi," fundi alisema.

"Nani atachezea mezani, kaka? Watu watacheza wamesimama kwenye foleni ya sukari."

"Binti, kazi yako kucheza. Ufundi niachie mwenyewe."

Nilikataa kuzitia doa. Niliporudi kutoka kula, gemu zote sita zilikuwa zimeuzwa, na chupa yangu ya rangi ilikuwa wazi.

Wiki iliyofuata akaingia mwalimu wangu wa shule ya msingi, kutoka Isansa. Aliitikia shikamoo yangu, akaweka gemu mezani pamoja na mkia wake wa betri.

"Mtoto analia siku ya tatu. Sikutaka kuinunua. Nilipoona doa nikasema, huyu nimemfundisha mwenyewe, hadanganyi."

Nilimtazama fundi. Hakuinua kichwa. "Anayepima ni huyo hapo, mwalimu."

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa zile sita. Mwalimu aliusoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu.

"Kumbe ulijua," alisema.

Nikamweleza habari ya ile chupa. Alikuwa ameshaanza kukusanya nyaya zake.

Kesho yake niliacha kazi, nikaondoka na rangi yangu. Mwezi haukuisha nikaona gemu mkononi mwa utingo mmoja stendi. Nyuma ilikuwa na doa jekundu. Fundi alikuwa amenunua chupa yake.