Jumba la Marehemu na Nyumba ya Bagira

Juzi nilikuwa katika ofisi ya nyumba, hapa Bukavu, nikingoja zamu yangu. Ukutani kulikuwa na michoro ya majengo ya ajabu, iliyoletwa ili watu wa mji waitazame: mnara mwembamba kama sindano, jumba lililolala kama mtumbwi uliopinduliwa. Mbele yangu alisimama mama mjamzito na bwana wake, waliotoka kijiji cha Miti kuomba nyumba katika mtaa wa Bagira.

Mama akaweka kidole juu ya ule mnara. "Papa, tuombe hii."

"Iko murefu sana," bwana akanong'ona. "Radi itatupiga."

Karani Mbelgiji akacheka. "Hapana, mama. Hii iko mashindano ya ba-architecte, bachoraji ba manyumba, ya dunia muzima. Watajenga ukumbusho ya musafiri moja."

"Ule musafiri iko muzima?" mama akauliza.

"Alikufa zamani sana."

Mama akashika tumbo kwa mikono miwili. "Basi, monsieur, ule anaweza kungoja. Huyu wangu hawezi."

Karani akaacha kucheka. Akatazama tumbo, akatazama mnara, kisha akawapa nyumba palepale.

Mimi nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Ni haki: sina mimba, wala sijafa.