Kata ya Kwanza

Yuliana alizaliwa na hasira zake, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiziombea radhi. Wanaume wa Mgeta waliokwenda kunywa kwake walizijua sheria: ukitapika unasafisha mwenyewe, ukimsema vibaya mke wa mtu unatoka nje, na ukiona pombe ya leo haifanani na ya jana, funga mdomo wako. Mwiko wake ulikuwa mrefu na mkono wake haukuwa mvivu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitembea na nundu kwenye paji la uso wiki nzima, na kila aliyemuuliza alimwambia amejigonga mlangoni. Hakuna aliyemwamini. Jumamosi alirudi kunywa.

Walirudi wote kwa sababu ya ile komoni yake nyeusi. Komoni ziko nyingi, hata mjini Mwembesongo ukiitaka utaipata, nyepesi, ya kijivujivu, ya kujaza tumbo na kukupeleka chooni. Ya Yuliana ilikuwa na rangi ya kahawa na uzito wa uji. Ilishika ulimi. Uchungu ulitangulia, utamu ukafuata, na povu lake likabaki kwenye masharubu mpaka mtu alifute kwa mkono. Vikombe viwili, mtu anaanza nyimbo za kwaya. Vitatu, anasahau maneno.

Aliirithi kwa mama yake, pamoja na shamba. Huku Uluguruni ardhi inafuata tumbo: ya mama huenda kwa binti, na kaka wa binti ndiye msemaji wake mbele ya ukoo, ndiye wa kumlinda asidhulumiwe. Shamba la Mama lilikuwa bondeni, kando ya kijito, na kwenye kona ya juu, karibu na migomba, ndiko Mama mwenyewe alikozikwa. Yuliana alilima humo mtama mwekundu kila mwaka. Mume wake alikwenda Kilombero kukata miwa akapotelea hukohuko, hakurudi tena, na watoto watatu walikula, wakavaa na kusoma kwa mtama ule. Aliwahi kujaribu mtama wa dukani mara moja tu, pombe ikatoka kama maji ya kuoshea sufuria.

Kaka yake, Ignas, alikuwa mtu wa mjini. Alifanya kazi kiwandani Mzinga mpaka akastaafu, akajenga Mafiga, na mlimani alionekana kwenye misiba tu. Kila alipokuja Yuliana alimpa kikombe, na kila mara Ignas alikunywa taratibu, akafuta midomo, akasema, "Imejitahidi." Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Yuliana alikuwa na mwiko kwa watu wote, lakini kwa neno lile la kaka yake hakuwa na dawa. Alilala nalo.

Kwa hiyo Ignas alipopanda mlimani mwaka huu na bodaboda, bila msiba wowote, akiwa na doti ya kanga na sukari kwenye mfuko, Yuliana alishtuka.

"Mdogo wangu," Ignas alisema, "nataka tumkumbuke Mama. Tuite ukoo mzima, tusafishe kaburi. Na bila ile nyeusi yake, Mama hatatusikia. Upike wewe."

Yuliana alikuwa amemwomba kaka yake jambo hilo miaka mingi. Kaburi lilikuwa limemezwa na magugu, na si haki binti kulisafisha peke yake wakati mtoto wa kiume yupo hai. Yuliana, ambaye hata harusini alikuwa hacheki, alicheka mpaka Ignas mwenyewe akatazama pembeni. Angepaswa kuliona lile jicho la pembeni. Hakuliona, alikuwa keshaanza kuhesabu mitungi kichwani.

Pombe ya ukoo si ya biashara, na ina utaratibu wake. Aliyeipika ndiye anayechota na kuonja kata ya kwanza, mbele za watu wote, ili waone haina ubaya. Kisha anapewa mkubwa, kisha wengine. Na kama kuna jambo limetangazwa pale, kila anayekunywa amekubali. Kesho huwezi kusema hukusikia, kwa maana ulimeza.

Yuliana akaloweka mtama. Akautandaza juu ya majani ya mgomba, akaufunika, akawa anaunyunyizia maji hadi ukatoa mikia myeupe. Akauanika juani na kuwafukuza kuku kwa matusi. Huo ndio kimea, na kila mpishi wa pombe huku anaweza kufika hapo. Kazi ya Mama ilianzia baada ya hapo. Sehemu ya kimea alikuwa akiikaanga kwenye chungu kipana, akiigeuza na kuigeuza hadi iwe nyeusi, na ukikawia kuiepua umepata majivu, ukiwahi umepata komoni ya watu wengine. Safari hii Yuliana alikuwa na nia moja tu. Safari hii Ignas atasema.

Alikuwa kwenye kukaanga, macho yametoka maji kwa moshi, wakati Mosi alipofungua mdomo. Mosi ni jirani yake, alikuja kumsaidia kupepeta, mwanamke mwema sana ila mdomo wake hauna breki.

"Sasa wewe mwakani utalima wapi?" Mosi aliuliza.

"Nitalima wapi kivipi? Si bondeni."

"Bondeni si kunajengwa nyumba za wageni? Watalii, wazungu wanaopenda baridi." Mosi alimtazama rafiki yake usoni, ungo ukasimama. "Yuliana. Ina maana kaka yako hajakwambia?"

Ikabidi aseme yote. Ignas amepata mwekezaji kutoka Dar, kijana anaitwa George. Wameshakwenda bondeni kupima, siku ile Yuliana alipokwenda gulioni Nyandira. Kaburi litahamishwa. Wazee wa ukoo wameambiwa kwamba Yuliana ameridhia, na ushahidi wao watauona wenyewe: atapika pombe yeye na ataonja yeye, siku ya kumkabidhi mgeni shamba.

Harufu ya kimea ilikuwa imeanza kubadilika. Yuliana alikinyanyua chungu kwa ncha za kanga, ile kanga mpya, akakitua chini kwa kishindo. Kilichomchoma kuliko yote ni kwamba alikuwa amefurahi. Mtu mzima, ana wajukuu, amerubuniwa kwa jina la mama yake kama mtoto anayedanganywa kwa pipi.

"Mwaga," Mosi alisema. "Mwaga yote, waje wanywe maji ya kijito."

"Nikimwaga, atanunua kwa mwingine. Atasema mdogo wangu anaumwa, mwingine ataonja, na ukoo utakunywa." Yuliana alikitazama kile kimea. Kilikuwa cheusi sawasawa, hakikuungua hata punje. "Napika."

Ila kulikuwa na taabu moja. Pombe inayochachuka haipendi ugomvi, huko mlimani kila mtu anajua, maneno makali karibu na mitungi huiharibu. Mama alikuwa hata wakwe zake hawagombezi mpaka pombe iive. Basi Yuliana alipika uji mzito, akauacha upoe, akachanganya kimea cheupe na cheusi, akatia machicha ya pombe ya zamani, akafunika, na mdomo wake akaufunga humo humo. Hasira zilipomfika kooni alishuka mpaka kijitoni, akasimama juu ya jiwe na kumtukana Ignas kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Alimtukana kuanzia kisogo mpaka viatu. Waliokuwa wakimwagilia kabichi ng'ambo walisimama kusikiliza, wengine walijifunza mambo. Kisha alinawa uso, akapanda, akaingia chumba cha mitungi kwa ncha za vidole na kuisemesha polepole kama mwenye mgonjwa. Pombe ikachemka yenyewe kwa furaha, ikatoa mapovu, haikujua lolote.

Siku ikafika. Ukoo ulijaa uani, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mzee Pazi, mdogo wa mwisho wa Mama aliyebaki hai, aliwekwa mbele kabisa, sikio lake moja linalosikia likielekezwa kwa wasemaji. George alishuka kwenye gari akawaamkia watu wote shikamoo, kijana mwenye adabu, huwezi hata kumchukia vizuri.

Ignas alivaa koti. Alizungumza juu ya Mama mpaka wanawake wawili wakalia, akatoka kwa Mama akaingia kwenye maendeleo, barabara, ajira kwa vijana. Kaburi, alisema, litahamishwa kwa heshima zote. "Kwa hiyo leo tunakunywa pombe ya Mama na kumkaribisha mwenzetu. Yuliana, tufungulie."

Yuliana alifunua mtungi. Harufu ilitoka ikatembea uani, ya moshi na nafaka na kitu kitamu chini yake, na wazee wakaugeukia mtungi wote kwa mpigo. Alichota, akainua kata. Povu lilisimama juu yake. Mzee Pazi alimeza mate.

"Kaka," alisema, "uliniambia hii ni ya kaburi."

"Ni ya kaburi pia."

"Kaburi lipi? Lile utakalolipakia kwenye gari?"

"Onja kwanza, mdogo wangu. Maneno baadaye."

"Nikishaonja maneno yamekwisha, na wewe unajua." Aliirudisha pombe mtungini, taratibu, bila kumwaga tone. Akaufunika mtungi na kuweka kigoda mbele yake, akakaa. "Sionji."

"Kasemaje?" Mzee Pazi aliuliza.

"Anasema haonji," mtu alimpigia kelele sikioni.

"Haonji!" Mzee alitaharuki, na tusimsingizie kwamba alikuwa anawaza shamba. Alimgeukia Ignas na kumnyooshea fimbo. "Wewe, umemfanya nini dada yako?"

Ignas alicheka kicheko cha watu waliobanwa. Akapiga hatua, akanyoosha mkono kwenye kata.

"Gusa," Yuliana alisema. "Gusa uone."

Mwiko ulikuwa magotini kwake. Mkono wa Ignas ukarudi. Ndipo kwa ghadhabu akaagiza kreti za bia zishushwe kwenye gari la George, zikagawiwa. Vijana wakafungua, vijana hawakatai kitu. Wazee wakaziweka chupa katikati ya miguu yao, wakaendelea kuutazama mtungi.

"Haya," Ignas alisema, jasho linamtoka, "tumekunywa. Tumekubali."

"Hii?" Mzee Pazi aliinua chupa yake. "Hii hata baa nainywa. Na sijawahi kukubali kitu baa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimmaliza Ignas. George alimsogelea. Hakupaza sauti, lakini walio karibu walimsikia. "Mzee, uliniambia dada ameridhia."

"Ataridhia."

"Hapana. Mimi nilikuja kununua shamba, sikuja kununua ugomvi wa watu." Aliwaaga wazee mmoja mmoja, akaingia kwenye gari, na bia zake akaziacha.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Yuliana hakuridhika. Hasira alizozibeba kimya kimya karibu na mitungi zilikuwa bado nzima, hazijapata pa kwenda. Alisimama, akawaambia vijana, "Bebeni," nao wakabeba mitungi wakashuka bondeni, na ukoo mzima ukafuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Mzee Pazi alibebwa mgongoni.

Kaburini magugu yalifika kiunoni. Yuliana alimwonyesha kaka yake kwa kidevu. "Safisha."

"Na nini?"

"Una mikono."

Ignas akatazama huku na huku. Hakuna aliyesogea. Akavua koti, akapiga magoti na viatu vyake vya mjini, akaanza kung'oa. Alichukua muda mrefu. Mikono ilimchanika, hakuzoea, na watu walisimama kumtazama hadi msalaba wa saruji ukaonekana na jina la Mama likasomeka. Hapo Ignas alikaa kitako kwenye udongo, akawa hainuki.

Yuliana akachota. "Kaburi halihami," alisema, akiwatazama wote. "Shamba haliuzwi. Anayekunywa amekubali."

Akanywa kata nzima bila kupumua. Alijua kabla haijafika kooni kwamba hajawahi kupika pombe kama ile, na hakufurahi hata kidogo, hasira zilijaa kifua kizima. Akachota ya pili. Kwa haki ilikuwa ya Mzee Pazi, na mzee alikwishanyoosha mikono miwili. Yuliana akampita, akampa Ignas.

Ignas alitazama ndani ya ile kata. Angeweza kuikataa. Lakini alikuwa amekaa mbele ya kaburi la mama yake, mikono ina damu na udongo, na ukoo wote unamtazama koo. Akainywa yote mpaka machicha. Akabaki amefumba macho, midomo hakuifuta.

"Hii," alisema. "Hii ni ya Mama kabisa."

Neno lile Yuliana alilisubiri miaka yote, na siku alipoloweka mtama alilipikia. Sasa lilimfika likamkera kuliko matusi.

"Na shamba pia," alisema, akamnyang'anya kata.