Udongo Tuliomtandikia Kenge

Mmeniomba nieleze nilivyougua, nami nitaeleza yote, hata yale ambayo mwanamke huyaficha. Kati yenu wamo wajawazito, na ndio hasa ninaotaka wanisikie.

Wakati ule Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Nilikuwa nimelelewa misheni, kwenye nyumba ya sakafu ya saruji, nikaolewa kijijini Sepuka na Elia, aliyekuwa akimfanyia kazi Mzungu wa kuchimba visima. Nilikuwa na nguvu zangu. Nililima, nilitwanga, nilibeba maji, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

Yule Mzungu alifuga kenge. Alimpata akiwa mdogo, akamzoeza mpaka akawa anakula nyama mkononi mwake. Alipohamisha kambi kwenda upande wa Ulemo, alimwachia Elia huyo kenge ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye wavu. Aliagiza kwamba asipigwe na baridi, na matandiko yake yawe makavu. Ilikuwa miezi ya upepo, kwa hiyo sanduku likawekwa chumbani kwetu, karibu na ngozi ya ng'ombe tuliyolalia.

Mama mkwe alipoliona alisimama mlangoni, hakuingia.

"Elia, mnyama wa porini unamlaza na mkeo mwenye mimba?"

"Ni wa bwana, mama. Atarudi kumchukua."

Taabu ikawa matandiko. Kwanza Elia aliweka taka za randa kutoka kwa seremala. Kenge akazimeza pamoja na nyama, tumbo likamjaa, akakataa kula. Akaweka nyasi. Zikalowa mkojo, zikaota ukungu, chumba kikanuka nikawa natapika kila asubuhi. Basi Elia akaenda kwenye tembe la marehemu babu yake, nyumba ambayo haikukaliwa na mtu tangu mzee alipofariki. Akachota udongo wa sakafuni, pale pembeni palipokuwa na vitanda. Ulikuwa mkavu, laini kama unga, hauna harufu. Kenge akajifukia humo, kikabaki kichwa tu.

"Umeona?" Elia aliniambia. "Sasa amefika kwao."

Nami nilifurahi, maana uvundo uliisha.

Baada ya hapo nilianza kuamka na madoa mekundu shingoni na mapajani, kila doa lina nukta ya damu katikati. Hayakuniuma. Nilidhani ni viroboto, nikaanika ngozi juani, nikaendelea na kazi.

Homa ilinikamata nikiwa napepeta mtama. Ungo ulinitoka mikononi. Kichwa kiligonga, mgongo na magoti vikauma kama nimepigwa, nikatapika nyongo, damu ikanitoka puani. Elia alininunulia kwinini. Nilikunywa, masikio yakalia, homa ikazidi. Kisha siku moja nikatoka jasho jingi mno, ngozi ikalowa chini yangu, na mwili ukapoa. Niliamka mwenyewe. Mama mkwe alinichinjia kuku, majirani wakaja kunipa pole, wakaisifu kwinini.

Haikupita hata wiki mbili, ikarudi. Safari hii macho yaligeuka manjano, na ubavu wa kushoto ulivimba nikashindwa kuulalia. Ikaniacha tena. Tukashukuru tena. Ndani ya sanduku kenge alikuwa akikwaruza mbao, nami nilimsikiliza tu, sikuwa na nguvu ya kumfukuza mtu wala mnyama.

Iliporudi mara ya tatu, mtoto aliacha kucheza tumboni. Nilimwambia mama mkwe. Aliweka kiganja tumboni, hakusikia kitu.

"Elia," alisema, "tafuta gari. Hatungoji tena."

Lori la mahindi lilitupeleka hospitali ya misheni. Njiani uchungu ulinishika, na pale pale juu ya magunia mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama mkwe alimfunga kwenye kanga yake, akampakata mpaka tulipofika.

Dresa, msaidizi wa daktari, alinichoma kidole, akatazama damu kwenye darubini, akamwita daktari. Kisha akarudi kitandani kwangu.

"Hii si malaria, mama. Ni homa ya papasi. Mnalala chini?"

"Ndiyo."

"Mumeo hajaugua?"

"Hajaugua."

"Bila shaka yeye amekulia kwenye tembe, wamemuuma tangu utotoni, mwili umezoea. Wewe hukuzoea. Kuna kitu gani kipya kimeingia chumbani?"

Nilimwambia habari za kenge. Aliuliza analalia nini, na udongo umetoka wapi. Nilimjibu.

"Papasi ni wadudu kama kupe, hukaa kwenye udongo wa namna hiyo miaka mingi bila kula," alisema. "Wanangoja mtu."

Akanichoma sindano, akanionya kwamba hali itakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri. Kweli. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, wauguzi wawili wakanishikilia, nikajua ninakufa. Halafu usingizi ukanichukua. Homa haikurudi tena.

Huko nyumbani mama mkwe alimwaga ule udongo juu ya shuka jeupe, juani. Alinisimulia alipokuja kunitazama. "Nilidhani ni vijiwe, mwanangu. Vikaanza kutembea." Elia alisimama nyuma yake.

Walichoma sanduku, wakachimbua sakafu ya chumba, wakaipiga upya. Kenge alihamishiwa banda la nje, juu ya mawe bapa yanayooshwa, pamoja na gunia lililochemshwa na kuanikwa, linalobadilishwa likichafuka. Akaishi vizuri tu hadi Mzungu alipomchukua.

Namshukuru Mungu, na mama mkwe wangu, na yule dresa aliyeniuliza maswali. Nilizaa tena baadaye, na wanangu mnawajua.

Ukifuga kiumbe chochote ndani, mtandikie kitu unachoweza kukiosha au kukichoma, wala usichote udongo wa nyumba iliyohamwa. Na homa ikikuachia kisha ikarudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilishangilia kupona mara mbili. Mara ya tatu nilizika.