Sijazaa, na Bado Nazalisha

Leo kliniki mjamzito kanikataa kwa sababu sijazaa.

Nataka kumpima tumbo, ananiuliza, "Mama, una watoto wangapi?"
Sina.
Akajifunika kitenge. "Naomba nesi mwingine."

Nyie, maneno hayo niliyasikia hapa hapa Mpanda miaka ya tisini, nikiwa nesi kamili niliyerudi shule kusomea ukunga. Mama mmoja wa kijiji cha Sibwesa, uchungu umemshika, ananifukuza: asiyezaa hazalishi.
Sikutoka. Nilimzalisha.

Sasa leo, mama mkwe aliyemsindikiza huyu binti akainuka kwenye benchi.
"Lala, mwanangu. Hata mimi nilimfukuza huyu. Mumeo kazaliwa mikononi mwake."

Binti akalala.
Mngekuwa nyie, binti aliyewakataa mngemjibuje?
Mimi nilimpima tumbo. Sijazaa, na kuzalisha siachi.